Askari wa Mama Keza

Keza alipokuwa mdogo, mama yake alimlea kwa msaada wa polisi. Polisi wenyewe hawakuwa na habari. Walikuwa pale Lusahunga kwenye kizuizi chao, wanasimamisha malori yanayokwenda na kutoka mpakani Rusumo, wanakagua, wanaruhusu, na hawakujua kwamba kwenye kibanda cha mamantilie kilicho jirani walikuwa wakitajwa kutwa nzima. Keza akisusa uji, Anjelika, mama yake, alisema, "Sawa, acha. Yule polisi anakuona." Keza akichelewa kurudi alikotumwa, "Leo angekubeba." Akilia bila sababu ya maana, "Nyamaza, huyo anakuja!" Na Keza alinyamaza. Alinyamaza ghafla, mdomo ungali wazi, kama redio iliyochomolewa betri.

Anjelika hakuwa mama mkali, na watu walimsifu kwa hilo. Kwao Mugoma, alikokulia, watoto walichapwa kwa fimbo na kwa mwiko. Yeye aliapa hatamchapa wa kwake, na kiapo chake alikitimiza. Lakini alikuwa na moto wa mkaa mbele yake, mafuta yanayochemka, na mgongoni barabara ya malori ya tela. Mume wake, Laurian, alikuwa ng'ambo ya barabara akiziba pancha tangu asubuhi. Kwa hiyo alihitaji mtoto wa kusikia neno moja na kutulia. Polisi walimpatia mtoto huyo, tena bila jasho.

Shida ni kwamba Keza alizaliwa na maswali. "Mama, kwa nini nisivuke?" "Mama, kwa nini mwenyekiti akija watu wanasimama?" "Kwa nini mwalimu akisema kaeni, wote wanakaa, hata wakubwa?" Maswali hayo yalikuwa na majibu, ila Anjelika aliona majibu yanataka muda, na muda wake ulikuwa wa wateja. Dereva ana haraka, utingo anataka chai ya pili, maharage yanaungua. "Kwa sababu nimesema," alijibu. "Na usiposikia, yule pale."

Miongoni mwa askari wa kizuizi kile alikuwepo mwanamke mmoja, Koplo Diana Ngeleja, binti wa wafugaji kutoka Shinyanga, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika hadi stendi. Asubuhi akimaliza zamu alipenda kunywa chai kwa Anjelika. Na kila alipoinama kuingia kibandani, Keza alitoweka. Alijichomeka nyuma ya gunia la mkaa akabaki huko mpaka buti zile nyeusi zitoke.

Siku moja Diana alikuja na kipande cha muwa alichokimenya vizuri. Akachuchumaa mbele ya gunia. "Keza, njoo. Angalia nimekuletea nini." Nyuma ya gunia pakawa kimya. Hata pumzi haikusikika.

Diana akainuka, akamgeukia mama. "Mama Keza, huyu mtoto nimemkosea nini?"

"Hujamkosea kitu, afande," Anjelika akajibu huku anacheka na kugeuza chapati. "Anakuheshimu tu."

"Heshima gani hii ya nyuma ya mkaa? Kwetu sisi mtoto mwenye heshima anakuja, anapiga goti, anasalimia, halafu anauliza umemletea nini."

Wakacheka wote wawili. Diana akauacha ule muwa mezani, akaaga. Alipofika mbali, Anjelika akamwita mwanawe atoke, na kwa utani tu, ule utani wa mtu aliyechangamka asubuhi, akamwambia, "Umeona? Amekuja kukagua kama umekunywa uji." Keza hakuugusa ule muwa. Jioni walikuta umejaa sisimizi.

Siku ya gulio Lusahunga hujaa hadi barabarani. Wasukuma huleta ng'ombe na mbuzi, watu wa Nyakisasa huleta ndizi na maharage, na wauza mitumba hutandika maturubai popote penye nafasi. Gulio moja, Keza akiwa na miaka sita na akisubiri kuanza darasa la kwanza, alipita mtu na boksi la vifaranga. Vifaranga vinalia, watoto wanafuata. Keza naye akafuata. Anjelika alikuwa anahesabu sahani za madereva waliokaa kwenye benchi. Alipoinua macho, mtoto hayupo.

Hakushtuka mara moja. Aliita. Akatuma mtu ng'ambo kwa Laurian. Akazunguka nyuma ya vibanda, akiita kwa sauti inayopanda. Hapo ndipo alipoanza kukimbia, na aliyekutana naye wa kwanza alikuwa Koplo Diana.

"Afande, Keza wangu haonekani!"

"Amevaa nini?"

"Gauni la njano."

"Wewe tafuta huku sokoni. Mimi naenda maegesho ya malori," Diana akasema, akaondoka mbio.

Yaliyofuata Anjelika hakuyaona kwa macho. Aliyapata kwa vipande, kimoja kwa muuza maji, kingine kwa dereva, kingine kwa Diana mwenyewe. Keza alikuwa amesimama katikati ya malori, analia, vifaranga vimeshapotea na njia ya kurudi haijui. Diana alimwona kwa mbali. Akafurahi. Akamwita kwa jina, "Keza! Njoo mwanangu, twende kwa mama!" akinyoosha mikono yote miwili.

Mtoto aligeuka, akaona kofia, akaona buti, akaona mikono inayomjia. Alikuwa ametoka nyumbani bila ruhusa. Alikuwa analia. Kila alichoambiwa kwamba siku moja kitatokea, sasa kilikuwa kinatokea. Akakimbia. Akaingia uvunguni mwa lori la tela.

Diana alipiga magoti kwenye vumbi, akambembeleza. Kadiri alivyombembeleza, ndivyo mtoto alivyozidi kurudi nyuma, kuelekea kwenye magurudumu. Diana akaona huyu hatatoka kwa maneno. Akainuka kwenda kumzuia dereva asije akaondoka. Hakufika. Dereva alikuwa ameshawasha gari kitambo, muziki umejaa ndani, hana alichojua. Lori likasogea kidogo tu, kiasi cha kutoka kwenye foleni. Diana alipiga bodi kwa viganja vyote viwili akipiga kelele, na lori likasimama. Lakini lilikuwa limeshasogea.

Hospitalini Biharamulo waliokoa maisha, wakawapa rufaa kwenda Mwanza. Huko Mwanza mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Watu waliotoka sokoni siku ile walitoka na habari moja: polisi amemkimbiza mtoto mpaka chini ya lori. Na waliosema hivyo hawakusema uongo kwa walichokiona. Walimwona askari anakwenda mbio, wakamwona mtoto anakimbia. Mengine walijaza wenyewe. Kufika jioni vijana walishakusanyika karibu na kizuizi, wanarusha maneno, na wakubwa wa polisi wakalazimika kumwondoa Diana pale kwa usalama wake.

Mkuu mmoja wa polisi alikwenda hospitalini kuuliza. Alikuwa mtu mzima, mpole, kofia ameshika mkononi. "Pole sana, mama. Tunataka kujua ilikuwaje. Mtoto alikuwa na sababu yoyote ya kumkimbia askari wetu?"

Anjelika alijua sababu. Aliijua kuliko mtu yeyote duniani. Ilikuwa pale kooni, fupi, ya maneno machache. Laurian alikuwa amekaa pembeni yake, naye aliijua, na akamwangalia. Anjelika akajibu, "Sijui, afande. Mimi sikuwepo."

Ni kweli hakuwepo.

Baada ya siku chache Diana alikuja Mwanza kumwona mtoto. Hakuvaa sare. Alivaa kitenge na kujifunga kilemba, amebeba maziwa kwenye kidumu. Lakini Keza aliijua ile sura. Alipiga ukelele ambao wagonjwa wote wa wodini waliugeukia, akajaribu kushuka kitandani kwa mguu ambao haukuwepo tena. Muuguzi akamshika Diana bega, akamtoa nje taratibu. Anjelika akamfuata mpaka kwenye korido.

"Mama Keza," Diana akasema. Kile kicheko chake hakikuwa na dalili ya kuwahi kuishi katika uso ule. "Wewe unanijua. Waambie. Mimi sikumkimbiza mtoto wako."

Anjelika aliangalia sakafu. Ilikuwa imetoka kupigwa deki, bado ina maji. Akasema, "Mtoto ananiita ndani," akarudi wodini.

Diana alihamishwa. Wapi, hapakuwa na mtu wa kumwambia Anjelika, na yeye hakuuliza.

Walirudi Lusahunga, maisha yakaendelea. Wateja waliongezeka hata, kwa huruma. Keza alijifunza kutembea kwa magongo, akaanza shule akiwa amechelewa, akaonekana ana akili. Walimu walimsifu kwa utulivu. "Mama Keza, umelea," walisema. "Mtoto huyu hata umwambie kitu gani, anafanya." Na ilikuwa hivyo. Hakubisha tena, hakuchelewa, hakuuliza kwa nini. Anjelika alizisikiliza sifa zile na kushukuru kwa mdomo, kisha alikwenda nyuma ya kibanda kana kwamba anatafuta kuni, akasimama huko.

Mdogo wake Keza, Abeli, alizaliwa baada ya hapo. Alipofika umri wa kutembea na kuharibu vitu, Anjelika alijikuta na kazi ya kumlea bila yule askari wake wa zamani, na hakujua aanzie wapi. Alijitahidi. Lakini ulimi una mazoea yake. Mchana mmoja Abeli alikuwa anachungulia barabarani, mguu mmoja tayari kwenye lami, na Anjelika mikono imejaa unga akapaza sauti: "Abeli! Rudi! Polisi huyo—"

Akajikatiza. Kumbe amechelewa. Keza, aliyekuwa amekaa anachambua mchele, alitupa ungo. Akafika kwa mdogo wake kwa gongo moja, akamvuta ndani, akamsukumia kwenye kona ya giza nyuma ya magunia, akamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto wa miaka kumi. Anjelika alimsikia ananong'ona, "Usipumue kwa nguvu, Abeli. Wanasikia."

Mchele ulikuwa umemwagika sakafu nzima. Anjelika hakuuokota. Alikaa chini katikati yake akalia mpaka wateja wakaondoka wenyewe.

Wiki ile alipanda gari kwenda Mugoma kwa mama yake. Bi Koleta alikuwa mzee sasa, macho yameanza ukungu, lakini bado analima kipande chake cha maharage nyuma ya nyumba. Alitoka Burundi mwaka wa mauaji akiwa na Anjelika mgongoni, akapokelewa na ndugu waliotangulia, akabaki. Anjelika alikua akijua jambo moja kuhusu watu wenye sare: wakionekana njiani, hata akiwa mgambo anayekwenda kwake kula, mama anamkamata mkono na kumwingiza migombani, wanalala kifudifudi. Sababu hakuwahi kuambiwa. Aliona ndivyo dunia ilivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Anjelika alisimulia yote, kwa mara ya kwanza bila kuruka kitu. Gunia la mkaa, muwa, mkuu wa polisi, korido. Alipomaliza alisema, labda kwa kutafuta pa kupumzikia, "Hata wewe ulinificha, mama. Mimi nilifanya ulivyofanya."

Bi Koleta alifikicha ganda la maharage vidoleni. Kiswahili chake kilikuwa cha ukubwani, l na r hazikukaa mahali pake. "Mimi nirikuficha," akasema, "kwa sababu waria wenye sare waritoka na baba yako, hakurudi. Nirikuwa na sababu. Wewe hapa, polisi gani arikuuria mtu?"

Anjelika naye akachukua ganda moja, akaanza kulifikicha.

"Nirikosa kukuambia," mama yake akaendelea, sauti imeshuka. "Ningekuambia, ungejua hofu ire ni ya wapi, na inaishia wapi. Nirikupa hofu tupu, nawe ukaichukua ukaenda nayo."

Walikaa hivyo mpaka jua likaondoka uani. Hakuna aliyemlaumu mwenzake zaidi ya hapo.

Aliporudi, yeye na Laurian walikwenda kituoni. Mkuu mpya hakulijua lile jambo. Aliwakalisha, akawasikiliza kwa adabu, akasema atalifikisha linakostahili. Kama lilifika, hawakupata habari. Ila askari mmoja wa zamani aliwapa namba ya simu ya Diana.

Anjelika alikaa na namba ile mpaka Jumapili, akapiga baada ya ibada.

"Afande Diana? Ni Mama Keza, wa Lusahunga."

"Mama Keza," sauti ikasema. "Hajambo mtoto?"

"Hajambo. Yuko darasa la nne. Afande, nimekuja… nimepiga kusema kwamba ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa namtisha kwa jina lenu, kila siku. Hukumkimbiza. Nilijua siku ile na sikusema. Nisamehe."

Anjelika alitegemea maneno ya hasira, na alikuwa tayari kuyapokea. Au alitegemea maneno ya msamaha, na kwa siri aliyatamani.

"Nilijua pia," Diana akasema. "Tangu siku ya muwa nilihisi. Nilitakiwa nikuambie wazi, nikakuchekea. Mama Keza, unajua siku hizi nikiona mtoto amepotea nafanya nini? Namtuma mwanamke yeyote aliye karibu aende kumshika. Mimi nasimama mbali. Siwaiti tena watoto."

"Afande…"

"Nipo kazini, mama. Msalimie Keza. Msalimie sana." Simu ikakatika.

Alichojifunza Anjelika baada ya hapo, alijifunza kwa Abeli, maana kwa Keza wakati ulishampita. Asubuhi moja alimshika yule mdogo mkono wakasimama ukingoni mwa barabara, akamwonyesha askari aliyeko kizuizini. Akamwambia, "Unaona lori lile? Dereva yuko juu, wewe uko chini, hawezi kukuona. Yule askari anakuona wewe na anaona lori. Akiinua mkono, hata lori kubwa linasimama, ili watu wapite. Ndiyo maana akisema simama, tunasimama. Siyo kwamba anakula watoto. Anatuangalia."

Abeli alifikiri. "Na mwalimu?"

"Mwalimu naye anaangalia wengi. Kila mtu akisema lake, hakuna atakayesikia kitu."

"Na mkubwa akisema kitu kibaya?"

"Unakataa, unakuja kuniambia. Hata mimi nikisema kitu kibaya, unamwambia baba. Kumheshimu mtu siyo kumwogopa. Ukimheshimu mtu, unaweza kumsogelea ukamuuliza."

Mtoto akaridhika, akaomba chapati. Na Anjelika, akirudi jikoni, aligundua kwamba aliyoiacha kwenye kikaango ilikuwa imeiva upande mmoja tu. Jibu lote lilichukua muda huo. Miaka yote ile alikuwa anasema hana nafasi.

Anjelika alimweleza Keza mwisho, kwa sababu ndiye aliyemwogopa zaidi. Walikuwa wanamenya ndizi wawili peke yao. Alimwambia polisi hawakuwahi kumtafuta, hata siku moja. Kwamba yalikuwa maneno yake yeye mama. Kwamba Afande Diana siku ile alitumwa na mama kumtafuta mtoto aliyepotea.

Keza aliendelea kumenya. "Kwa hiyo alikuwa ananirudisha kwako."

"Ndiyo."

"Na mimi nikapiga kelele alipokuja hospitali."

"Siyo kosa lako, mwanangu. Ni langu."

Msichana akaitumbukiza ndizi kwenye maji, akachukua nyingine. Hakulia, wala hakusema amesamehe. Baadaye kidogo akasema, kama mtu anayeeleza ugonjwa wake kwa daktari, "Mama, kichwani nimeelewa. Lakini nikiwaona, mwili unakimbia wenyewe. Kichwa kinabaki nyuma."

Sasa Keza ana mguu wa bandia, yuko darasa la sita, na ameanza tena kuuliza maswali, mengine magumu. Jumamosi jioni, wateja wakipungua, yeye na mama yake hutembea pamoja kuelekea kizuizini ili awasalimie askari. Ni Keza mwenyewe aliyelileta wazo hilo. Abeli hutangulia mbio, anapiga shikamoo yake kwa sauti, anashikwa kichwa, anachekewa. Keza huja taratibu, vidole vimekaza kwenye mkono wa mama mpaka vinaacha alama. Siku nyingine anafika, anasalimia, sauti inatoka. Siku nyingine anafika nusu ya njia, anasimama, jasho linamtoka, anasema, "Leo basi, Mama." Na Anjelika anasema sawa, wanageuka, wanarudi nyumbani.